Seva yako au ya kukodi? Uliza kwanza kama simu italia

Mwaka jana nilimlipa fundi shilingi 45,000 atuwekee seva ya mazungumzo ofisini, yaani kompyuta yetu wenyewe ya kupokea na kusambaza ujumbe wa kazi, hapa Industrial Area, Nairobi. Tuko watu tisa. Kwenye kompyuta, raha mustarehe. Kwenye simu, kimya. Dereva amekwama Athi River tangu saa tatu asubuhi, ameandika mara nne, nami nauona ujumbe saa saba nilipofungua programu nikitafuta jambo lingine. Fundi akasema, "Madam, hiyo ni shida ya simu yako." Zote tisa?

Wauzaji hupenda kukwambia ukiwa na seva yako, kila kitu ni chako. Mlio si wako. Hata seva ikae chini ya meza yako, arifa, yaani taarifa ya kwamba ujumbe umefika, hupitia kwa waliotengeneza programu, kisha kwa Google au Apple, ndipo simu ilie. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi si usalama wala uzuri wa rangi, ni: simu italia?

Katika programu za mazungumzo ya kazi, ninaipendelea Zulip, sifichi. Ndiyo tuliyokuwa nayo tangu mwanzo! Fundi hakuwa ameisajili seva kwenye huduma yao ya arifa. Kijana mwingine aliisajili kabla chai yake haijapoa. Bila malipo, arifa hizo zinatosha watu 10. Mkizidi, mtalipa. Tena mazungumzo hupangwa kwa mada, kwa hiyo ankara haizami chini ya habari za harambee.

Ya pili ni Mattermost, nayo huwekwa kwenye seva yako. Ni nzuri, ila huduma yake ya bure ya arifa ni ya majaribio, haina dhamana. Ile ya uhakika ni ya wanaolipa.

Slack ndiyo ya kukodi: haihitaji seva yako wala fundi, na simu hulia tangu siku ya kwanza. Lakini toleo la bure hukuonyesha siku 90 tu za nyuma, na tangu 2024 ujumbe uliopita mwaka hufutwa kabisa. Ukitaka kulipa, ni dola kwa kila kichwa. Nani amesahau Januari 2024, dola ilipofika shilingi 160? Mshahara wako ulipanda?

Kundi la WhatsApp: anayeacha kazi anaondoka na bei za wateja wako mfukoni.

Yule fundi bado hunipigia akitaka kuniuzia betri ya seva, ya siku stima ikipotea. Yeye akipiga, simu yangu hulia vizuri sana.