TAHADHARI: Anayeuza "studio kamili" hapa Dodoma, msimpe hela kabla hamjapima vitu vyake

Wana Dodoma, hasa walimu wa kwaya, maprodyuza wanaoanza na wanafunzi wa UDOM mnaotaka kufungua studio nyumbani: kuna mtu anazunguka hapa mjini akiuza kifurushi anachokiita studio kamili. Ukimpigia anakuja mpaka kwako, iwe Ilazo, Nkuhungu au Nzuguni. Anapima chumba kwa futi, anagonga gonga kuta, kisha anakuahidi kwamba kwa milioni 1.8 atakuwekea kila kitu na jirani hatasikia hata ngoma. Nusu ya hela anaitaka siku hiyohiyo. Jina halitawasaidia, maana analibadilisha. Mtambueni kwa mwenendo wake.

Mimi ni fundi sauti. Kwaya moja ya vijana iliniita kuunganisha mitambo baada ya yeye kumaliza kazi yake. Chumba chao kiko chini ya nyumba iliyojengwa kwenye mteremko: kuta tatu zimeegemea udongo, mlango ni mmoja, na kuna kidirisha juu. Ni chumba kizuri mno cha kurekodia, kwa sababu udongo wenyewe unazuia kelele za bodaboda na vumbi haliingii ovyo. Vijana wale walichanga fedha kwa kuuza maandazi na kuosha magari. Niliyoyakuta humo yaliniuma sana.

Kuta zote zimebandikwa sponji nyeusi yenye meno meno. Nilikata kipande: ni sponji ya godoro iliyopakwa rangi. Yeye anaiuza kama sponji ya kuzuia sauti. Jamani, sponji haizuii sauti isitoke nje, hata ile halisi ya studio. Sauti inazuiwa na uzito na kuziba mianya: tofali, zege, mlango wa mbao ngumu, mpira kuzunguka fremu, pasiwe na upenyo chini ya mlango. Sponji nyembamba ya sentimita 2 au 3 inanyonya sauti nyembamba tu, besi inapita. Kwa hiyo kinanda cha wale vijana kinasikika nje vilevile, na humo ndani sauti za waimbaji zimefifia huku besi ikivuma kwenye kona. Anayetaka kutuliza mwangwi atafute pamba ya mawe (rockwool) yenye unene wa sentimita 10, aifunike kwa kitambaa na kuiacha mbali kidogo na ukuta. Pamba hiyo haishiki moto. Kama haipatikani, mablanketi mazito yaliyoning'inizwa mbali kidogo na ukuta yanasaidia kuliko ile sponji, ila nayo yakae mbali na umeme.

Na moto ndio unaonifanya niandike leo. Sponji ya godoro isiyo na dawa ya kuzuia moto inawaka kwa kasi ya kutisha na moshi wake una sumu, ikiwemo sianidi. Tarehe 20 Februari 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani. Walikufa watu 100. Tarehe 27 Januari 2013, katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, fataki ziliwasha sponji ya dari. Walikufa 242, wengi wao kwa moshi. Sasa fikirieni vijana wamejifungia chini ya nyumba, mlango mmoja, na huyu bwana amepitisha waya wa ekstensheni nyuma ya sponji hiyohiyo! Tuliing'oa yote siku ileile. Aliyewekewa na mtu huyu akate kipande kidogo, akipeleke nje mbali na nyumba, akiweke juu ya mchanga na kukiwasha kwa kiberiti. Kikishika moto na kuendelea kuwaka, ang'oe leo.

Maiki nazo. Aliwapa mbili zenye maandishi ya Shure SM58 kwa shilingi 85,000 kila moja, akiapa ni orijino. Maiki hiyo ikiwa halisi huuzwa Marekani kwa takribani dola 100, kwa hiyo bei yenyewe tayari inasema. Halisi ina uzito wa gramu 298 bila waya. Hizi ukizishika tu unahisi ni nyepesi, na kwenye mizani ya duka la jirani hazikukaribia. Saundi kadi, yaani kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, imeandikwa 48V kwa herufi kubwa, yaani inatoa volti 48 za kulisha maiki, lakini nilipoweka mita ya kupimia umeme kwenye tundu la maiki, kati ya pini ya 1 na ya 2, ilisoma volti 5. Inatakiwa isome kati ya 44 na 52. Bila umeme huo maiki nyingi halisi za kondensa, zile nyeti za studio, hazifanyi kazi. Fundi redio yeyote ana mita. Mwombe aje nayo kabla hujalipa.

Kuhusu malipo, Lipa Namba hana. Anakupa namba ya simu, na jina linalotokea unapotuma si lile alilojitambulisha nalo. Mkiona hivyo, simamisheni hapo hapo. Risiti ya EFD anasema italetwa kesho. Vijana walipomdai, akazima simu, na sasa anatangaza tena kwa namba mpya na picha zilezile.

Mkipata ujumbe wake, tumeni namba yake kwenda 15040, ile ya TCRA ya kuripoti matapeli. Mliokwishauziwa msitupe maiki wala saundi kadi: ni ushahidi. Pelekeni polisi pamoja na ujumbe wa muamala mkachukue RB, na kwa bidhaa bandia fikeni pia Tume ya Ushindani. Mliotuma nusu ya kwanza leo au jana, pigeni 100, huduma kwa wateja ya mtandao wenu, sasa hivi muulize kama muamala unaweza kuzuiwa, kabla hajaitoa.