Unajali siri zako? Ukinunua simu, uliza tarehe kabla ya kamera

Wasomaji wengi wanalalamikia jambo lilelile. Simu imetoka kwenye boksi, nailoni haijachanwa, lakini kila wakitafuta sasisho wanajibiwa hakuna jipya, na tarehe ya sasisho la usalama imeganda miaka miwili nyuma. Simu ya namna hiyo ni mpya kwa kuishika tu. Mtengenezaji alishaachana nayo.

Muda wa masasisho huhesabiwa tangu simu ilipoingia sokoni, si tangu ulipolipa. Pixel 4a ya Google iliahidiwa viraka vya usalama, yaani masasisho ya kuziba matundu ambayo wezi hupitia, hadi Agosti 2023, hata iwe imekaa kabatini bila kuguswa. Muuzaji atakutajia GB, megapikseli na ukubwa wa betri. Tarehe hii hatakutajia, na ndiyo inayoamua kama picha, meseji na namba zako zina ulinzi.

Sababu yake ni hii. Mwaka 2015 liligundulika tundu la Stagefright, lililowezesha simu ya Android kuvamiwa kwa ujumbe wa video. Tangu Agosti mwaka huo Google imekuwa ikichapisha taarifa za matundu yanayozibwa. Taarifa hizo husomwa na kila mtu, wezi wakiwemo. Kwa hiyo simu isiyopata kiraka inabaki na tundu ambalo limeshatangazwa hadharani. Kusasisha WhatsApp kutoka Play Store hakulizibi. Wala fundi wa kuflash, yaani kuweka mfumo upya, hawezi kulimaliza, kwa sababu programu za modemu na chipu hutoka kwa watengenezaji wake, kama Qualcomm na MediaTek, nao wakiacha kuzitengeneza hakuna pengine pa kuzipata.

Kagua ukiwa bado dukani. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha toleo la Android. Utaona tarehe mbili. Moja ni ya viraka vya usalama, nyingine ni ya sasisho la mfumo wa Google Play. Muuzaji akikuonyesha hiyo ya pili, ambayo mara nyingi ni ya karibuni, mrudishe kwenye ya kwanza. Kama ni ya zamani, unganisha intaneti ya bando lako na utafute sasisho, maana simu iliyokaa boksini huwa na viraka vya kupakua. Ikisema imekamilika na tarehe bado imepita miezi sita, irudishe.

Sasa ununue ipi? Namba moja kwangu ni Google Pixel 8a, na sioni ya kuipiku kwa bei yake. Ilitoka Mei 2024 na imeahidiwa masasisho ya miaka saba, hadi Mei 2031. Ina chipu ya Titan M2 inayolinda nywila ya kufungulia simu, na ina kitufe cha kuzima mtandao wa 2G, ambao minara bandia huutumia kunasa mawasiliano. Ukiuzima, kumbuka kuwa kijijini kwenye 2G pekee utakosa mtandao kabisa. Anayetaka kujitenga na Google anaweza kuweka GrapheneOS, mfumo unaotengenezewa simu za Pixel. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Pixel zilizouzwa na kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani hazikubali kubadilishwa mfumo, hata kama zinapokea laini yoyote. Kwenye Kuhusu simu, gusa namba ya muundo mara saba, ingia kwenye chaguo za wasanidi programu, utafute kipengele chenye herufi OEM, ndicho kinachoruhusu kubadilisha mfumo. Kama kimefifia na hakibonyezeki simu ikiwa na intaneti, usiilipe. Kasoro nyingine ni kwamba Google haiuzi Pixel rasmi Tanzania, kwa hiyo mara nyingi simu ya sauti haipiti kwenye 4G, inashuka hadi 3G.

Ya pili ni Samsung Galaxy A16, ya mwishoni mwa 2024, yenye ahadi ya miaka sita. Viraka vyake haviji haraka kama vya Pixel, lakini unaipata mpya na yenye warantii. Uliza imetengenezwa kwa soko gani. Simu za A na M za soko la Mashariki ya Kati zimekutwa na AppCloud, programu ya kukuwekea programu nyingine, ambayo shirika la haki za kidijitali la SMEX la Lebanon liliilalamikia kwa Samsung mwaka 2025, na mzigo mwingi wa Kariakoo unapitia Dubai. Haifutiki kwa njia ya kawaida. Ingia Mipangilio, Programu, uizime, na uangalie tena baada ya kila sasisho.

iPhone iko ya tatu, kuanzia 13. Apple husasisha simu zake kwa miaka mingi, ila iPhone XS na XR zimeachwa nje ya iOS 26, mfumo wake wa mwaka 2025, na bado zinauzwa kwa bei ya kuumiza. Ukiifungua mipangilio ukakuta juu kabisa maandishi kwamba inasimamiwa na kampuni fulani, kampuni hiyo inaweza kuifuta ikiwa mfukoni mwako.

Simu za bei ya chini kabisa siziwekei namba. Mwaka 2020 Tecno W2 zilizouzwa Afrika zilikutwa na virusi vya Triada na xHelper tangu zikiwa mpya. Kama bajeti ndiyo hiyo, nunua modeli ya mwaka huu, usihifadhi humo kitambulisho wala picha za faragha.

Sasa hili la madukani linaniudhi kweli. Mteja analipa, muuzaji anachana boksi na kufungua simu kwa Gmail yake mwenyewe, eti anamsaidia kuweka WhatsApp, na wengine wanatoza elfu tano kwa kazi hiyo. Kuanzia hapo kila namba unayohifadhi inaweza kwenda kwenye akaunti ya muuzaji. Anaweza kuona simu ilipo, hata kuifunga. Mwambie aiache ilivyo. Kama ameshaigusa, ingia Mipangilio, Akaunti, ondoa kila barua pepe usiyoijua, kisha rudisha simu kama ilivyotoka kiwandani mbele yake. Ikiwaka na kudai akaunti ya zamani, hiyo bado ina mwenyewe. Bonyeza pia *#06#, linganisha IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na ya boksi, halafu itume kwenda 15090 ujue kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inaitambua.

Simu ya mkopo ina programu ya kuifungia usipolipa, na kuiondoa mwenyewe huwezi. Kabla ya kusaini, omba orodha ya ruhusa zake iliyoandikwa, na siku ya malipo ya mwisho dai iondolewe ukiwa umesimama hapohapo dukani.