Kadi 63 na kishikwambi kimoja: uzoefu wangu wa Plickers kwenye somo la Kiswahili

Mimi si mtu wa mitambo. Nafundisha Kiswahili sekondari mwaka wa 16 sasa, na kishikwambi tulichogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022 kilikuwa na kazi moja tu nyumbani kwangu: katuni za mwanangu. Semina za teknolojia nimehudhuria, tena si moja. Kuna moja tulikaa siku mbili tukioneshwa projekta na kompyuta mpakato, tukapiga makofi, tukala wali kuku, kisha kila mtu akarudi kwenye darasa lisilo na hata soketi ya umeme.

Safari hii mwalimu wangu alikuwa kijana wa Hisabati tunayekaa naye ofisi moja. Ilikuwa kwenye jumuiya yetu ya ujifunzaji, vile vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tunavyofanya hapo hapo shuleni.

"Madam, kile kishikwambi cha sensa bado unacho?"

"Ninacho. Kimejaa katuni."

"Basi kesho njoo nacho, katuni utamrudishia mtoto jioni."

Alichonionesha ni programu ya kuuliza maswali darasani, inaitwa Plickers. Mwanafunzi hahitaji simu, na hilo kwetu ndilo la kwanza, maana shuleni simu haziruhusiwi. Kila mwanafunzi anapewa kadi ya karatasi yenye umbo jeusi la pembepembe, na hakuna kadi mbili zinazofanana. Kadi ina pande nne, na kila upande umeandikwa herufi A, B, C au D kwa maandishi madogo sana. Ukiuliza swali, mwanafunzi anaizungusha kadi hadi jibu lake liwe juu, anainyanyua. Mwalimu anasimama mbele na kupitisha kamera ya kishikwambi taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni, na majina yanajitokeza kwenye kioo moja baada ya jingine, kijani kwa aliyepata, nyekundu kwa aliyekosa. Jirani akichungulia hapati kitu, kwa sababu herufi ni ndogo na umbo la kila mmoja ni tofauti.

Kadi zinapakuliwa bure. Seti ya kawaida ina 40, kubwa ina 63, mbili kwa kila karatasi. Nilizichapisha steshenari, karatasi 32, nikazibandika kwenye manila kwa gundi. Kosa langu la kwanza lilikuwa kujifanya mjanja: kumi za mwanzo nikazipiga leminesheni ili zidumu. Darasa letu madirisha yako upande wa mashariki. Saa mbili asubuhi jua likapiga zile plastiki, zikawaka kama bati jipya, na kamera haikusoma hata moja. Leminesheni ya kung'aa msiiguse. Manila inatosha.

Sasa nieleze kwa nini nimeendelea nayo. Mwalimu yeyote anaujua ule wimbo: "Mmeelewa?" "Ndiyooo mwalimu!" Mimi nimeuamini miaka yote hiyo. Kipindi cha kwanza na kadi nilikuwa Kidato cha Pili, ngeli ya U-ZI, mada ambayo ningeapa kwamba wameiva. Nikaandika ubaoni: wingi wa "ubao" ni upi? A mabao, B mbao, C ubao, D vibao. Nikapitisha kishikwambi. Kioo kikawa chekundu kama shamba la nyanya. Waliopata hawakufika nusu, na wengi wa waliokosa walikuwa wale wale wa "ndiyooo" ya mstari wa mbele.

Mkono wangu ulikuwa tayari umeinua chaki nieleze upya. Lakini kijana alikuwa amenionya: usieleze, waache wabishane, kisha wapige kura tena. Utaratibu wenyewe si wake. Ni wa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeuanzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikuwa wakikokotoa vizuri na kumsifu, ila dhana zenyewe haziko kichwani. Kanuni yake ni kwamba majadiliano yana faida zaidi pale waliopata ni kati ya asilimia 30 na 70 hivi. Wakiwa wachache mno, fundisha tena. Wakiwa karibu wote, songa mbele.

Basi nikakaa pembeni. Dawati la nyuma kuna binti ambaye tangu Januari sijamsikia sauti isipokuwa kwenye mahudhurio. Jirani yake alishikilia "mabao". Binti akamwambia, si kwa sauti kubwa lakini niliisikia: "Mabao ni ya Simba na Yanga. Fundi seremala ananunua nini?" Yule akanyamaza kidogo, akasema, "Mbao." "Moja inaitwaje?" "Si ubao..." akaizungusha kadi yake. Upande wa pili kulikuwa na mzozo wa "vibao", na kiranja ndiye aliyeutatua: kibao cha getini kikiwa viwili ni vibao, lakini hicho ni kibao, hatukuulizwa kibao. Mimi nisingeeleza vizuri hivyo. Kura ya pili ilibakiza wekundu sita, na hao nilijua majina yao, nikawafuata mwenyewe.

Kingine sikukitarajia. Mvua za masika zikianza, paa letu la bati halisikilizani na mtu. Zamani nilikuwa naandika zoezi ubaoni, nakaa, nasubiri. Sasa naandika swali, naonesha kwa kidole, kadi zinapanda. Vipindi viwili vya Aprili nimevifundisha bila kutamka neno.

Kasoro zipo. Darasa langu lina wanafunzi 71, kadi zinaishia 63. Hao wanane wa ziada nimewaunganisha na wenzao, kadi moja watu wawili, ila nazungusha kila wiki ili isije ikawa ni wale wale. Pia msitumie kadi kama mahudhurio. Kuna siku niliona jina la mtoto ambaye niliambiwa yuko zahanati na malaria, amejibu maswali yote, tena amepata yote. Rafiki yake alikuwa amenyanyua kadi mbili. Vidole navyo ni shida hadi wazoee, maana wakifunika kipande cha lile umbo jeusi kamera hairuki wala haisomi, inakaa tu.

Halafu maswali ni ya kuchagua au ya kweli na si kweli, basi. Kwa ngeli, nyakati, uundaji wa maneno, kadi zinakata kama wembe. Kwa insha hazina msaada. Ushairi nimejaribu kwa kuweka swali lisilo na jibu sahihi, programu inaruhusu, nikauliza nani wa kulaumiwa katika shairi, kisha kila kambi ikajitetea kwa kutaja beti. Ilinoga, lakini uandishi wao haukuongezeka hata sentensi moja kwa sababu ya kadi. Huo bado unasahihishwa kwa kalamu nyekundu, usiku, daftari 71.

Akaunti ninayotumia ni ya bure. Maswali matatu au manne kwa kipindi cha dakika 40 yananitosha, maana kila swali lenye mabishano linakula dakika saba au nane. Bando ni langu mwenyewe, sijamdai mtu. Kazi kubwa kweli iko kwenye kutunga majibu yasiyo sahihi. Ukiweka makosa ambayo hakuna mtoto anayeyafanya, wote watapata na hutajifunza kitu. Siku hizi nasahihisha daftari nikiwa na karatasi pembeni, nanakili makosa yao jinsi walivyoyaandika. "Vitu ambayo" peke yake imenipa maswali ya wiki mbili.

Kwa anayetaka kuanza: usianze na mikondo yote. Chukua mmoja, andika namba ya kadi kwenye jalada la daftari la kila mtoto, na kadi zikae kwako. Za kwangu nilizihifadhi stoo. Namba 17 imeliwa na panya, jana nimechapisha nyingine kwa shilingi 200.