Uzoefu wangu na A Wizard of Earthsea: shule ya uchawi ambako kosa lina bei

Hadithi za shule za uchawi nimezisoma nyingi, nyingine peke yangu, nyingine nikimsomea binti yangu kabla ya kulala. Hiki ndicho nilichokirudia. Kiliandikwa na Ursula K. Le Guin wa Marekani na kilitoka mwaka 1968. Si kinene, lakini kina uzito.

Ged ni mtoto wa kijijini katika kisiwa cha Gont, amefiwa na mama angali mchanga. Siku moja anamsikia dada wa marehemu mama yake akimwita mbuzi kwa maneno ya ajabu. Kesho yake, akiwa malishoni, naye anayatamka, na kundi zima linamjia, linambana pande zote, halibanduki. Binti yangu alicheka sana hapo. Mimi nilishituka, maana mtoto ameweza kuita ila hajui kufungua, na kitabu chote kinatembea juu ya jambo hilo.

Shule yenyewe ipo kisiwa cha Roke. Usitegemee michezo ya kurukaruka angani wala karamu kila sura. Kuna walimu wakubwa tisa, na kila mmoja ana fani yake: upepo, dawa za mitishamba, majina ya kweli ya vitu, na kadhalika. Sehemu niliyoipenda kupita zote ni somo la kiinimacho. Ged anaokota kokoto, anatamka neno, inang'aa almasi. Kisha anauliza afanye nini ili ibaki almasi daima. Mwalimu anaitazama almasi, analitaja jina la kweli la jiwe, na pale pale inarudi kuwa kokoto ya kijivu. Ndipo anamweleza kwamba ukilibadilisha kweli jiwe hilo, hata likiwa dogo vipi, umeibadilisha dunia, na hujui nini kitafuata. Halafu anamwambia kwamba hata jiwe nalo ni kitu kizuri. Ukurasa ule niliusoma mara mbili kwa sauti, kwa sababu binti yangu aliomba.

Ged hasikii, bila shaka. Ana kipaji na ana kiburi, na mwenzake Jasper anajua pa kumchokoza. Wanashindana usiku, Ged anaita roho ya mtu aliyekufa zamani, na kivuli kinapenya kutoka upande wa pili na kumrarua uso. Mkuu wa shule anauziba ufa ule kwa nguvu zake zote, na anakufa. Hakuna mwalimu anayekuja kufuta kosa. Ged anapona akiwa na makovu na kigugumizi, wenzake wanamtangulia masomoni, na kivuli kinamsubiri nje ya kisiwa. Sijaona kitabu kingine cha watoto kinachowaheshimu wasomaji wake hivi.

Jambo jingine lililonigusa: Ged ana ngozi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu, na Vetch, rafiki aliyebaki naye alipoanguka, ni mweusi. Linatajwa tu na hadithi inaendelea. Le Guin mwenyewe alilalamikia majalada yaliyomchora Ged kama Mzungu.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Roke ni shule ya wavulana watupu, na mapema kabisa tunaambiwa kwamba huko Gont wana msemo unaoudharau uchawi wa wanawake. Binti yangu aliuliza wasichana wanasoma wapi, na kitabu hiki hakina jibu. Katika kitabu cha pili, The Tombs of Atuan, anayebeba hadithi ni msichana, Tenar, kwa hiyo ukianza na hiki, kiweke hicho karibu.

Mwendo nao ni wa taratibu. Mazungumzo ni machache, masimulizi ni mengi, na safari za baharini za nusu ya pili zinaweza kumchosha mtoto aliyezoea mikikimikiki. Sura ya kivuli inatisha kweli. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili naona kinafaa asome mwenyewe. Aliye chini ya hapo asomewe, na sura ile isomwe mchana.