Jagi la lita moja la kupimia dawa za shamba: linafaa kwa pipa, si kwa bomba la mgongoni

Nalima nyanya Ilula, mkoani Iringa. Jagi hili la plastiki nililinunua duka la pembejeo kwa shilingi 4,500 na limenitumikia msimu mzima.

Lililonivutia ni mistari yake. Haikupakwa rangi, imetokeza kwenye plastiki yenyewe, kwa hiyo dawa kali haiifuti. Yale ya mistari ya rangi hufutika mapema, ukabaki unabahatisha. Mshikio unashikika vizuri hata ukiwa umevaa glavu, na mdomo haumwagii dawa mkononi. Kwa anayeshika sumu, hilo ni jambo kubwa.

Usahihi wake niliupima kwa mizani ya dijitali. Niliweka jagi tupu, nikarudisha mizani sifuri, nikatia maji hadi mstari wa 500. Zikaja gramu 496. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja, kwa hiyo tofauti hiyo naikubali. Ila hesabu hii ni ya maji tu. Dawa nyingine ni nzito kuliko maji na nyingine nyepesi, usije ukapima dawa kwenye mizani ukadhani kila gramu ni mililita.

Sasa kasoro. Mstari wa chini kabisa ni wa mililita 50. Lebo ya dawa yangu ya kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, inasema mililita 50 kwa lita 20 za maji, yaani mililita 2.5 kwa kila lita. Bomba langu la mgongoni ni la lita 16, hivyo nahitaji mililita 40, na hapo jagi halina mstari. Kukadiria kwa macho sikubali kabisa: dawa ikipungua wadudu wanazoea, ikizidi inaunguza majani na kubaki kwenye nyanya anayokula mtoto wa mtu. Kwa hiyo natumia sindano ya cc 20 ya duka la dawa za mifugo, navuta mara mbili. Cc moja ndiyo mililita moja, hakuna cha kugeuza. Vizibo vya chupa navikataa, kila chupa ina kizibo cha ukubwa wake.

Kwenye pipa la lita 200 mambo ni tofauti. 2.5 mara 200 ni mililita 500, unajaza hadi mstari mmoja, umemaliza. Hata lebo inayosema lita 1 kwa hekta haisumbui: ekari ni kama hekta 0.4, basi ni mililita 400.

Kinachonikera zaidi ni upande wa pili wa jagi, uliopimwa kwa sentilita. Sentilita moja ni mililita 10, kwa hiyo penye 40 pana mililita 400. Kijana aliyetumwa apime 40 akisoma upande huo, ametia dawa mara kumi! Upande wote nimeuziba kwa solotepu nyeusi kabla sijamkabidhi msaidizi wangu. Watengenezaji wangetuachia mililita peke yake.

Mwenye pipa, nunua bila wasiwasi. Mwenye bomba la mgongoni tu, anza na sindano, jagi lisubiri.