Mlenda nyota tano, benchi nyota mbili

Mama lishe mmoja nyuma ya Soko la Majengo, hapa Dodoma, anapika mlenda wa karanga usio na mfano: unavutika mpaka unafuata mkono, na ugali wa uwele umeiva sawasawa. Hapo sina neno.

Shida ni benchi la chini ya mwarobaini. Lina wenyewe, bodaboda wa kijiwe cha jirani, watu wa kuchangiana misiba na harusi. Mimi niliyehamia na ofisi kutoka Dar nilisubiri dakika 40. Waliokuja nyuma yangu wakala, wakanawa. “Huyo wa wizarani ana haraka gani?” Wote wakacheka, na mama naye.

Nikamkumbuka mwanasaikolojia Muzafer Sherif: mwaka 1954, kule Oklahoma, aligawa wavulana makundi mawili, akawashindanisha, wakachukiana. Kilichowalainisha ni kazi zilizotaka mikono ya wote.

Basi Ijumaa pikipiki ya mmoja wao ilipozama mtaroni, nikavua viatu, nikasukuma nao. Jumatatu naambiwa, “Mwanangu, sogea ukae.” Sahani ikaja kabla sijaagiza. Kijana mwenye begi, aliyenitangulia kufika, bado alikuwa anasubiri.