Bodi ya 68060 kwenye Amiga 1200 yangu: kasi sina neno, muuzaji sina hamu naye

Afadhali bodi yenyewe ingekuwa takataka. Ningeirudisha, nikanyamaza, yakaisha. Lakini bodi ni nzuri, tena nzuri sana, na ndiyo maana hasira yangu haijapata pa kutulia mpaka leo.

Kwa wasioijua kompyuta hii, Amiga 1200 ilitoka 1992 ikiwa na prosesa ya Motorola 68EC020 ya megahezi 14 na kumbukumbu ya megabaiti 2, ambayo prosesa inagombea zamu na chipu za picha na sauti. Commodore walioiunda walifilisika 1994, mwaka ule ule Motorola walipoitoa 68060. Kwa hiyo hakuna Amiga iliyowahi kutoka kwa Commodore ikiwa na prosesa hiyo. Anayeitaka anunue bodi ya kuongeza kasi, afungue kile kifuniko cha chini ya kompyuta, aichomeke. Nami ndivyo nilivyofanya, miezi kadhaa iliyopita.

Niitendee haki kwanza. Droo (ndivyo folda inavyoitwa kwenye Amiga) iliyojaa aikoni, ambazo nilizoea kuzitazama zikijitokeza moja baada ya nyingine, ilifunguka aikoni zote zikiwa tayari mahali pake. Faili kubwa lililobanwa kwa LHA, programu ya kubana mafaili, ambalo zamani nililiacha likifunguka nikaenda zangu kufanya mengine, lilimalizika kabla sijanyanyuka kitini. Sehemu kubwa ya hayo si prosesa peke yake, ni kumbukumbu iliyomo kwenye bodi: prosesa ina yake, haisubiri mtu. Hata anayeongeza kumbukumbu ya namna hiyo tu, akabaki na prosesa ile ile ya zamani, hupata karibu mara mbili ya kasi aliyokuwa nayo. Sasa weka na 68060 juu yake, inayoweza kutekeleza amri mbili kwa mpigo. Jioni ile nilitaka kumpigia simu kila ninayemjua.

Kisha nikafungua programu yangu ya kuchora picha za 3D, ile iliyonifanya nitafute bodi hii tangu mwanzo. Nikachagua toleo linalotumia FPU, yaani kitengo cha prosesa kinachofanya hesabu za desimali. Nikabonyeza kuanza. Skrini ikatulia, halafu likatokea boksi jekundu: Software Failure, na namba 8000 000B.

Waliokaa na Amiga wanaijua namba hii. Katika ukoo wa prosesa za 68000, ambamo 68060 imo, amri za FPU kwa heksadesimali huanza na F. Prosesa isiyo na FPU ikikutana na amri kama hiyo haijui ifanye nini, inakwama, na mfumo unaandika 8000 000B. Na mimi nilikuwa nimelipia 68060 kamili, kwa bei ya 68060 kamili. Prosesa hii ina ndugu zake wawili: LC, isiyo na FPU, na EC, isiyo na FPU wala kitengo cha kusimamia kumbukumbu. Tofauti ya bei kati ya kamili na LC si ya kufumbia macho.

Nikamwandikia muuzaji kwa heshima zote. Habari za kazi, ndugu, nimefunga bodi, nashukuru, ila kuna tatizo hili. Nikaambatisha na picha ya skrini.

Jibu la kwanza: umeme. Kifaa cha umeme cha A1200 hakitoshi. Ni kweli kile cha asili ni dhaifu, lakini mimi natumia kile kizito cha Amiga 500 ambacho plagi yake inaingia bila shida, na nilikwisha kumweleza hivyo kwenye ujumbe wangu wa kwanza kabisa. Hakuusoma.

Jibu la pili: kapasita. Kapasita za A1200 huvuja na kuula ubao mama, hilo kila mtu analijua. Zangu zilikwisha badilishwa zote. Hata zile mbili, E123C na E125C, ambazo watu huziondoa ili bodi za kasi zisisumbue, kwangu hazipo. Nikampigia picha, nikamtumia.

Jibu la tatu lilikaribia kunivuruga kwa sababu lina ukweli ndani yake. Akasema sijaweka 68060.library. Ni kweli Motorola walipoibuni 68060 waliacha baadhi ya hesabu ambazo 68882, chipu ya zamani ya FPU, ilizifanya yenyewe, kama saini na kosaini za trigonometria, na faili hilo ndilo linalozifanya badala yake. Lakini nilikuwa nalo, limekaa mahali pake. Nikaandika kiprogramu kifupi cha kujumlisha namba mbili za desimali kwa FPU. Kujumlisha tu, hakuna saini, hakuna kosaini. 8000 000B.

Nilipomtumia hilo, ndipo akanijibu hivi: “Kaka, hiyo mashine ni ya 1992, ulitegemea nini? Achana na mikweche, nunua kompyuta.”

Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama, nikaketi, nikausoma tena. Mtu huyu anakula kwa mikweche hiyo! Kila senti anayoipata inatoka kwa watu waliozitunza kompyuta hizi, wakazisafisha, wakazibadilishia kapasita kwa mikono yao. Mteja yeyote atavumilia kuambiwa “sijui, ngoja nichunguze.” Atavumilia hata kucheleweshwa. Lakini kuuziwa kitu kwa sifa zote, halafu siku ya kulalamika uambiwe kwamba unachokipenda hakikustahili kuhudumiwa tangu mwanzo, hilo mimi sikulimeza na silimezi.

Basi nikaitoa bodi. Nikakiondoa kipoza joto, nikafuta ile krimu ya juu yake taratibu kwa pamba na spiriti, nikaishika chipu chini ya taa nikiigeuza hadi mwanga ukaipiga kwa ubavu. Ukiitazama kutoka juu utasema ni mpya: MC68060, herufi nyeupe, zimenyooka. Kwa ubavu ilionekana kitu kingine. Chini ya maandishi kulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja, na karibu na kona ukingo ulikuwa umelika kidogo kuliko upande wa pili. Chipu ilipigwa msasa, maandishi yake ya asili yakaondolewa, ikaandikwa upya.

Hata hivyo mikwaruzo mtu anaweza kuikana. Kisichokanika ni kilichomo ndani. 68060 ina rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya prosesa yenyewe, iitwayo PCR, na nusu yake ya juu inataja prosesa yenyewe ni ipi: 0430 ni kamili, 0431 ni LC au EC. Msasa haufiki huko. Nikairudisha bodi, nikawasha, nikaendesha programu ya kuisoma. 0431.

Sitasema kwamba muuzaji ndiye aliyeshika msasa. Chipu hizi hupita mikono mingi, na inawezekana naye alitapeliwa. Nilikuwa tayari kabisa kumuelewa. Ningekuwa yeye, ningesema: pole ndugu, hata mimi nimeuziwa hivyo, nakurudishia tofauti. Maneno machache tu, nami leo ningekuwa namsifu. Badala yake aliniandikia kwamba nirudishe bodi nzima kwa gharama zangu, kisha yeye “ataangalia.”

Siirudishi. Hapa ndipo ninapojikuta nagombana na nafsi yangu, kwa sababu nilipoanza kuandika nilidhamiria kusema msinunue. Lakini mtu ambaye kazi zake hazigusi FPU, na michezo karibu yote ya Amiga haiigusi, ataridhika na bodi hii hata ikiwa na LC. Nimeiacha imewaka kutwa nzima haijakwama hata kidogo. Joto ni la wastani, haina ile homa ya 68040 iliyoitangulia. Kisoketi kimekaza, solda zake ni safi, aliyeibuni anajua kazi yake na anaipenda. Ningeambiwa mapema kwamba ni LC, nikatajiwa bei ya LC, huenda ningeichukua hivyo hivyo na picha za 3D nikazichora polepole kwa toleo lisilotumia FPU, kama ninavyofanya sasa.

Kwa hiyo bodi, ndiyo. Na hata ndiyo hiyo naitamka kwa shingo upande, maana kila ninapobonyeza kitu kikafunguka upesi nafurahi, na papo hapo nakumbuka neno mkweche.

Anayetaka kununua 68060 ya aina yoyote, kwa muuzaji yeyote, asitosheke na picha ya chipu. Aombe picha ya skrini inayoonyesha namba ya PCR, imepigwa pamoja na bodi ile ile atakayotumiwa. Muuzaji mwenye prosesa halali haimgharimu chochote kuipiga. Akianza kuzungukazunguka, hela ibaki mfukoni.

Mimi nimemwandikia tena wiki hii. Nimemtumia picha ya 0431, picha ya mikwaruzo, na nakala ya tangazo lake mwenyewe lenye neno “kamili.” Nimemwomba vitu viwili: tofauti ya bei, na aufute ule ujumbe wa mikweche kwa kuniomba radhi. Kwa tofauti ya bei naweza kungoja. Radhi naitaka sasa.